Fundi wa Mbele na Vidole Vyake

Uvumi kwamba vidole vya Fundi wa Mbele vimekufa ganzi ulinifikia Muhuru Bay ukiwa umepitia midomo mingi, maana ulifika umenona. Wachuuzi wa omena, wale dagaa wa ziwani, walisema ameinua sufuria ya moto kwa mikono mitupu akaibeba mpaka mezani huku akipiga soga. Vijana wa bodaboda walisema mkono mzima umekauka. Mama mmoja muuza chapati akaapa kwamba mzee amekufa kabisa, ila familia imeficha mpaka barabara ikauke ili watu wapate kuja matanga. Hilo la mwisho lilinichekesha, kisha nikaacha kucheka, kwa sababu wiki hiyohiyo lori langu lilikuwa limeanza ngoma.

Ngoma ndilo jina tulilolipa ugonjwa huo sisi madereva. Lori langu ni la zamani, lile la kuvuta kwa magurudumu yote, nalo ndilo linalonilisha. Napakia omena Muhuru, napanda nayo Macalder na Migori mpaka Kegonga kwa Wakuria, narudi na ndizi na mahindi. Sasa ukiwa kwenye mwendo wako, ukagonga kituta kidogo tu, magurudumu ya mbele yanaanza kugombana. Moja linavuta huku, jingine kule, usukani unakuchapa mikono, milango inagonga, na omena uliyoifunga vizuri inaanza kukumwagikia kisogoni. Ukikanyaga breki kwa hofu umejimaliza. Inabidi upunguze mwendo polepole huku ukimwomba Mungu na mababu, yeyote atakayewahi.

Kanda hii yote, kutoka mpakani mpaka Homa Bay, mtu wa kuiponya ngoma ni mmoja, naye huiponya kwa vidole. Kama vidole vimekufa kweli, basi ufundi wake umekwisha, amebaki mzee mwenye maneno mengi kando ya barabara ya Macalder. Nami, niseme wazi, niliogopa kumkuta hivyo kuliko nilivyoliogopa lori.

Anaitwa Fundi wa Mbele kwa sababu hagusi kitu chochote kilicho nyuma ya kiti cha dereva. Usukani, ekseli ya mbele, springi za mbele, basi. Mletee gari ambalo taa ya nyuma imening'inia kwa waya mmoja, atalizunguka, ataitazama taa, atasikitika pamoja nawe, kisha atakwambia, "Hiyo ni ya watu wa nyuma. Mimi sijasomea kufuata gari." Na hajasomea kitu kingine chochote pia, lakini hilo usimwambie.

Tabia hiyo ya mbele amekwenda nayo mpaka nje ya kazi. Kanisani hukaa benchi la kwanza, ambapo hulala usingizi mzito na kuamka kwa kishindo cha "Amina!" mahali pasipostahili. Mara moja aliitikia Amina mhubiri aliposema dunia imejaa wezi na wazinzi. Kwenye mazishi hukaa na wafiwa, hata kama marehemu hakumjua. Akiletewa samaki hula kichwa tu. Nimemwona mwenyewe akirudisha kipande kinono cha mbuta, sehemu ya tumbo ambayo watu hupigania, akangoja kichwa kitolewe kwenye sahani ya mgeni mwingine. Mkewe, mwanamke mwenye subira anayeuza viazi sokoni, huniambia ameshazoea. Kitanda chao, anasema, kina upande wa mbele, na si wake.

Gereji yake haina ukuta wala paa. Ni mwamba. Pale nje kidogo ya Macalder, kando ya njia inayokwenda kwenye mashimo ya dhahabu, kuna jiwe pana lililolala sawa kabisa, lori linaingia lote. Wachimbaji wamelitamani miaka na miaka, wengine wakiamini chini yake kuna mshipa wa dhahabu. Yeye hulifagia kila asubuhi kwa ufagio wa nyumbani. Husema ekseli ni sawa na mgonjwa: huwezi kumpima mtu aliyesimama kwenye mteremko. Dereva akikanyaga jiwe hilo na matope hurudishwa akafute viatu, hata akiwa mtu mzima mwenye wajukuu.

Mimi nilifahamiana naye kwa kulichafua. Nilikuwa bado ninakodi gari za watu, na siku hiyo nilikuwa na omena niliyonunua ikiwa haijakauka vizuri. Mvua ilikuwa imenishika njiani, kisha jua likatoka kali, nami nikaona jiwe zuri, safi, limepata moto, wala halina mtu. Nikaomba dereva asimame, nikaimwaga omena yote nikaitandaza. Nilikuwa nimeketi kivulini nikijisifu kwa akili zangu nilipomsikia akija. Alikuwa akipiga kelele kabla sijamwona.

"Wewe! Nani amekuambia hapa ni beach?"

"Pole, jaduong'," nikamwambia kwa heshima ya mzee. "Naomba tu ikauke kidogo."

"Ikauke? Kesho gari ya watu itateleza hapa kama sabuni! Na paka? Umefikiria paka?"

Sikuwa nimefikiria paka. Lakini paka walikuwa wamenifikiria mimi, maana hata tukiwa bado tunagombana walikuwa wamekwisha kufika, paka wa Macalder yote, na wengine nadhani walivuka mpaka. Tuliishia kuwafukuza pamoja, yeye kwa ufagio na mimi kwa leso, mpaka omena ikakauka. Alichukua sahani moja ya fidia. Tangu siku hiyo akaniita nyar Muhuru, binti wa Muhuru, na kila nikipita huuliza kama leo nimekuja kuanika.

Kazi yenyewe sasa. Gari lenye ngoma likiletwa, mafundi wengi hukimbilia kununua kitu. Watabadilisha tairi, watafunga shoki mpya ya usukani, ngoma itanyamaza mwezi mmoja, kisha itarudi na jamaa zake. Yeye hanunui kitu. Anamweka dereva kwenye usukani, gari likiwa chini kwa uzito wake wote, anamwambia auchezeshe kidogo kushoto na kulia, kidogo tu, asizungushe. Kisha anajilaza chali chini ya gari, akianza kuimba, na kupitisha vidole kwenye kila kiungo. Anagusa mkono mrefu unaotoka kwenye sanduku la usukani, ule mwingine unaounganisha magurudumu mawili, bushi za springi, zile pete za mpira, kila mahali chuma kinapokutana na chuma. Kiungo kilicholegea hutikisika kabla ya kuvuta. Mtikisiko wenyewe ni mdogo, jicho haliuoni. Kidole chake kilikuwa kinauona. Ukimsikia huko chini akiacha kuimba, ujue amefika.

Baada ya kukaza au kubadilisha ndipo hupima magurudumu. Hulinyanyua moja kwa jeki, akalizungusha akiwa ameegemeza msumari kwenye tairi mpaka uchore mstari mwembamba kulizunguka lote, kisha jingine vilevile. Anapima nafasi kati ya mistari hiyo kwa mbele, anapima kwa nyuma, kwa ufito aliouchonga mwenyewe. Uzi wa kuvulia samaki, ambao huazima kwa wavuvi na haurudishi, huuvuta kutoka magurudumu ya nyuma mpaka ya mbele kuona kama ekseli imekaa sawa. Mbele lazima pawe pamebana kidogo tu kuliko nyuma. Mhandisi ana maneno yake ya kueleza jambo hilo. Fundi wa Mbele husema, "Hayo magurudumu yatazamane kidogo, kama watu wanapendana na wako kanisani. Yakitazamana sana, aibu. Yakigeuziana uso, hiyo ni ndoa imekwisha."

Ila kabla ya hayo yote kuna kuhojiwa, na hapo ndipo raha yake yote ilipo. Mzee huyu hajapata kuamini neno la dereva. Anasema dereva akisema amegonga kashimo, tafuta daraja lililovunjika. Akisema amegonga jiwe, hesabu ng'ombe wa jirani. Humuuliza mtu kisa chake, akamsikiliza mpaka mwisho huku akitingisha kichwa kwa huruma, kisha akamwambia akirudie. Wengi huongeza jiwe la pili kwenye kurudia. Na hata ukimwambia ukweli mtupu, hata ukimwambia hasa ni kiungo kipi kinakusumbua, atasema "Sawa, sawa," na atashuka chini kuanza mwanzo kana kwamba hukufungua mdomo. Wapo madereva waliochukia. Mmoja alimwambia, "Mimi naendesha hii gari kila siku, naijua!" Mzee akamjibu kwamba hata chawa hukaa kichwani kila siku, lakini hajui nywele zinasukwa vipi.

Alikuwa na methali aliyokuwa akiwachapa nayo. Dereva akificha alipogonga, yeye husema polepole, kama mwalimu wa dini, "Mficha maradhi, kifo humuumbua." Halafu huinua kifuniko cha injini kwa huzuni kama anayemfunua marehemu.

Kisa kinachosimuliwa zaidi ni cha dereva wa lori la mawe ya dhahabu ambaye gari lake lilishikwa na ngoma mahali pamoja tu, mbele ya lango la mama mkwe wake. Kwingine kote lilikwenda salama. Watu wa kanisa wakasema ni pepo, wakaliombea mpaka kioo kikaingia mvuke. Wazee wakasema ni chira, mkosi unaomfuata mtu aliyevunja mwiko, na wakaanza kumuuliza maswali ya aibu kuhusu nyumba yake. Maskini yule kijana alikonda. Mwishowe akaja mwambani akiwa amebeba kisa chake kama kitoto kigonjwa.

Fundi hakucheka, jambo ambalo lilipaswa kumtia mtu wasiwasi. Alisema, "Nipeleke." Wakaenda. Walipokaribia lango, mzee akaona dereva anainamisha kichwa chini ya usukani na mguu wake unazama kwenye mafuta. Lori likaruka kituta kilicho pale, na ngoma ikaanza.

"Mbona unakimbia hapa?"

"Sikimbii, jaduong'."

"Unakimbia. Hata kuku wameona."

Ikawa ni hivi. Mkwe akionekana na mama mkwe hapiti hivihivi. Atashuka, ataketi kwa adabu, atasikiliza habari zote za ukoo tangu walipoonana mara ya mwisho, na kijana alikuwa amekwepa kikao hicho tangu Krismasi. Kila mara alipita pale kasi kuliko mahali pengine popote, na kituta kilikuwa palepale kinamngoja. Fundi alikuwa amekwisha kujua ni bushi ya springi, aliisikia ikigonga. Lakini hakusema. Alimwambia kwa uso mkavu kwamba ugonjwa huu una dawa mbili na ya kwanza iko ndani ya lile lango. Wakarudi, wakaingia. Yeye akachukua kiti cha mbele, akala kichwa cha jogoo, akawa anamchochea yule mama kwa maswali ya upole: na huyu mkwe wako, mama, alipokuja mara ya mwisho ilikuwa lini vile? Kikao kilikwisha jua likiwa linazama.

Bushi akaifunga kesho yake. Kilichomuuma mzee ni kwamba hakuna aliyempa sifa. Watu wa kanisa walisema ni maombi, wazee wakasema ni chira imeondoka, na dereva mwenyewe mpaka leo husema gari lilipona siku aliposalimia. Ukitaka kumkasirisha Fundi wa Mbele, mwambie hivyo.

Mtu huyo anayewinda waongo ni mwongo wa kutisha. Jino lake la mbele halipo, nami nimepewa sababu tofauti kila nilipouliza. Lilitolewa na springi iliyofyatuka. Lilitolewa na kiboko, usiku, pale ufuoni, na kiboko naye hakutoka mzima. Lilitolewa na shemeji wakati wa mazungumzo ya mahari. Mkewe anasema lilitoboka, likang'olewa hospitalini, na mgonjwa alilia. Anadai pia aliwahi kuitwa na jeshi la nchi ambayo haitaji, kwa sababu za usalama, kunyoosha lori ambalo lilikuwa linakwenda kiubavu kama kaa. Ukimuuliza alifikaje huko, atakuangalia kwa masikitiko na kusema, "Kwa mbele."

Na ana majivuno. Pale Migori mjini kulifunguliwa karakana yenye mashine ya kupima magurudumu kwa taa na kioo cha kompyuta, na kijana mpole anayeiendesha hana neno baya kwa mtu. Mzee aliitukana mashine hiyo mwaka mzima bila kuiona. Kisha siku moja, baada ya kumaliza kulinyoosha lori langu, akaniambia twende mjini "tukamjaribu huyo mtoto." Alijifanya ni mpakiaji wangu. Alivaa kofia ya mtu mwingine. Kijana akapima, akatuonyesha kwenye kioo kwamba gurudumu la kushoto limekaa vibaya kidogo, kidogo sana.

"Sakafu yenu imeinama," akasema mpakiaji wangu.

Kijana akasema sakafu iko sawa. Mzee akatoa chupa ya maji mfukoni, akailaza sakafuni, akapiga magoti, akakitazama kipovu kilichokuwa ndani. Kipovu kilikaa katikati kimetulia. Akakitazama kwa muda mrefu.

"Hii chupa ndiyo imepinda," akasema, akasimama, tukaondoka.

Tulipofika mwambani akaniomba nisishuke, akalegeza kitu, akakaza, akapima, akapima tena, bila wimbo. Hakuwahi kulitaja tena, wala mimi. Nilimpenda sana siku hiyo, kuliko siku zote za visa vyake.

Basi uvumi wa vidole ulipofika, na lori likawa na ngoma, kila mtu alikuwa na ushauri wa bure. Nenda Migori, kuna mashine. Usimsumbue mzee. Mwenzangu mmoja wa sokoni alinishika mkono akaniambia kwamba kumpelekea mtu kazi asiyoiweza tena ni kumvua nguo mbele za watu. Maneno hayo yalinikaa. Nililala nayo, nikaamka nayo, na asubuhi nikaendesha polepole kama bibi harusi, nikipitwa mpaka na mikokoteni, nikaelekea Macalder.

Mwamba ulikuwa umefagiwa. Yeye alikuwa ameketi kwenye tairi kuukuu, mikono ndani ya mifuko ya jaketi, na jua lilikuwa kali la kukausha omena.

"Nyar Muhuru! Umekuja kuanika?"

"Nimekuja na ngoma, jaduong'."

"Umegonga nini?"

Nikamwambia ukweli. Nilikuwa nateremka kutoka Kegonga, nikageuka kumtazama mwanamume aliyekuwa amebeba kitanda kizima juu ya baiskeli, nikapanda ukingo wa kalvati.

"Kitanda," akasema. "Haya. Rudia."

Nikarudia. Akatingisha kichwa kwa huruma kama siku zote, nami nikafurahi kuonewa huruma hiyo ya uongo. Nikaliweka lori mwambani. Akatoa mikono mfukoni kwa haraka, akajilaza, akaingia chini. Nikauchezesha usukani kushoto na kulia, kidogo tu. Akaanza kuimba. Akaimba vizuri, akaimba ubeti mzima, akaurudia, akaenda wa pili. Hakunyamaza mahali popote. Nikajua. Mtu anayeimba hivyo hajafika.

Kisha kukawa kimya, lakini kimya cha namna nyingine. Niliinama mlangoni nikachungulia. Fundi wa Mbele alikuwa amejivuta mpaka kwenye mkono mrefu wa usukani na ameubandika mdomo wake kwenye kiungo. Macho ameyafumba. Masharubu yote ni grisi.

"Chezesha!" akanung'unika huko chini.

"Jaduong', unafanya nini?"

"Chezesha, nimesema!"

Nikachezesha. Akahamisha mdomo akaweka shavu. Akahamisha shavu akaweka kidevu. Mungu anisamehe, nilicheka mpaka nikaegemea honi, na honi ikalia, na yeye akagonga paji la uso.

Alipotoka alikuwa mweusi kutoka pua mpaka shingo. Aliketi juu ya jiwe. Nikaanza ile methali aliyowachapa nayo madereva wote, "Mficha maradhi..."

"Nyamaza," akasema. Halafu yeye mwenyewe akacheka, kidogo, bila lile jino. Akanionyesha mikono. Ilikuwa na alama mpya za kuungua, za mviringo, kama za kikombe.

"Ni sukari," akasema. "Daktari anasema mishipa. Mke wangu alinipea chai, nikashika kikombe, nikakaa naongea. Ni yeye alisikia harufu."

"Inauma?"

"Ingeuma ningefurahi." Akaigeuza mikono, akaitazama juu na chini. "Zinashika spana. Zinashika ufagio. Ile kazi moja tu ndiyo zimekataa."

Lori moja la mawe likapita, dereva akapiga honi ya salamu, mzee akainua mkono na akaurudisha mfukoni upesi.

"Peleka Migori," akasema. "Yule mtoto ni mzuri. Mashine yake pia ni nzuri."

Afadhali angeitukana. Nikakasirika, na kwa hasira hiyo nikavua viatu, nikafunga leso yangu vizuri kiunoni, nikalala juu ya jiwe lake na kujivuta chini ya lori.

"We nyar Muhuru, toka huko! Utachafuka!"

"Panda kwenye usukani, jaduong'."

"Mimi?"

"Basi utamwita paka?"

Nilisikia akilalamika kwa Kijaluo, maneno ambayo mzee wa kanisa hapaswi kuyajua. Kisha lori likainama kidogo. Amepanda.

"Shika ile ya kulia kwenye gurudumu," sauti ikaja kutoka juu. "Umeshika?"

"Nimeshika."

Akachezesha. Chuma kilikuwa baridi na kimetulia.

"Inacheza?"

"Haichezi."

"Mimi nasikia kutoka hapa inacheza."

"Basi unasikia vibaya. Haichezi."

Hicho kiungo alikifunga yeye mwenyewe, kipya, kabla ya mvua. Alikuwa ananitega. Nilimsikia akiguna huko juu, na mguno ule ulikuwa wa mtu anayefikiri.

Tukaenda hivyo, kiungo kwa kiungo. Yeye akitaja, mimi nikishika, yeye akichezesha. Cha kushoto, hakuna. Bushi za springi, hakuna. Nilifunga macho kama yeye. Nikaweka vidole viwili kwenye mkono mrefu, pale unapotoka kwenye sanduku la usukani, mahali alipokuwa ameweka mdomo. Akachezesha. Kitu kikaruka chini ya vidole vyangu, kidogo sana, kama kifaranga ndani ya yai.

"Hapa," nikasema. "Rudia. Hapa, jaduong'. Inacheza."

"Wapi?"

"Mkono mrefu. Kwa sanduku."

"Hapo nimetoka sasa hivi," akasema. "Hapo hapana kitu."

"Kiko."

"Nimeshika mimi mwenyewe."

"Kinacheza, jaduong'. Nimekishika."

Usukani ukaacha kusonga. Kutoka nilipolala niliuona mlango ukifunguka na kiatu chake kimoja kikishuka mpaka kwenye ngazi. Nilijisogeza pembeni kumpisha, maana nilijua anakuja kuhakikisha. Hakuna dereva aliyewahi kusema neno kwenye mwamba ule asishuke kulihakikisha. Kiatu kilikaa pale kwenye ngazi. Kilikaa muda. Kisha kikapanda, kikarudi ndani, na mlango ukafungwa.

"Basi kifungue," akasema.